Gari la Baba na Mahali pa Bihogo

Baba yangu aliitwa Tibenderana, akazaliwa Kiruruma, katika nyumba ya wafugaji ambao jembe walilijua kwa kuliona mikononi mwa jirani. Mama yangu aliitwa Kemirembe, akazaliwa Kimuli, upande ambao leo mnauita wilaya ya Kyerwa, nasi tulikuwa tukiuita tu ng'ambo ya vilima. Nimeanza na hao kwa sababu mtu asiyetaja wazazi wake hana pa kusimamia anaposema. Mimi sikupelekwa shule, wala sikulia kwa hilo; ndiyo maana kalamu iko mkononi mwako, mjukuu wangu, na si mwangu. Andika ninavyosema. Ukikuta neno linalokuchoma usilipunguze makali, na ukikuta sentensi ndefu, pumua, kisha uendelee.

Juzi ulipolileta gari lako uani pangu, ukafungua boneti na kuanza kung'oa zile plagi za hita, nilikuwa barazani nikichambua maharage. Ulinieleza, kana kwamba nilikuuliza, kwamba injini ya dizeli haiwashwi kwa cheche, na kwamba asubuhi ya baridi ni lazima ipashwe moto tumboni kwanza, kwa vile vipande vya chuma vyenye ncha inayoiva kama kaa. Nilikuacha umalize. Nilikuwa nayajua hayo kabla mama yako hajazaliwa. Kilichoninyamazisha ni harufu iliyokuja na upepo ulipoifungua ile ya kwanza: masizi machungu yenye mafuta ndani yake, harufu inayoganda puani na kukataa kutoka hata ukinawa. Harufu hiyo nimeijua mara moja tu katika maisha yangu, siku ambayo sikujua kama nina mama au sina.

Wakati huo Waingereza bado walikuwa wakitawala, na baba alikuwa dereva katika machimbo ya bati kule Kyerwa. Alianza kama utingo, akajifunza gari kwa kutazama, na hatimaye akawa anamwendesha mzungu mmoja ambaye naye alikuwa na gari lake mwenyewe, jeusi, refu, lililokuwa likinguruma kama linasaga mawe. Mzungu huyo alipotaka kurudi kwao hakutaka kulibeba gari. Alichotaka ni nyama ya kuwalisha wachimbaji kabla hajakabidhi kazi kwa mwingine. Baba alikuwa na ng'ombe, mzungu alikuwa na gari. Baba alirudi nyumbani akiwa ameketi ndani ya gari lake, na ng'ombe sita walitoka zizini kwetu wakaswagwa kuelekea machimboni.

Watu wa ukoo walikuja kulitazama. Baba mdogo, yule mdogo wake baba ambaye ulimi wake haukuwa na mlango, alilizunguka, akalipiga teke gurudumu, akauliza litazaa lini. Baba akacheka naye. Alikuwa na mpango wake: kupeleka watu na samli Bukoba, kurudi na chumvi na vitambaa, na baada ya muda kununua ng'ombe wengi kuliko waliotoka. Haukuwa mpango wa mjinga. Lakini kati ya wale sita mmoja hakuwa wake.

Huyo alikuwa Bihogo. Wewe umekulia mjini, kwa hiyo nitakueleza, nawe usiruke. Kwetu binti akiolewa, baba yake humpa ng'ombe wa kumsindikiza. Ng'ombe huyo huingia katika zizi la mume, hulindwa na mume, hulala na ng'ombe wa mume, lakini ni wa mke. Maziwa yake mke ndiye huyagawa, na ndama wake ni wa mke. Mume akimhitaji, hata kama ni kwa jambo la kumwokoa mtu, huketi chini na kumwomba mkewe, na mke ana haki ya kukataa. Bihogo alitoka Kimuli siku ya harusi akimfuata mama bila kufungwa kamba. Baba alimtoa asubuhi moja mama akiwa ameenda kisimani.

Mama aliporudi alisimama langoni mwa zizi, mtungi ukiwa bado kichwani, akawatazama ng'ombe waliobaki mmoja baada ya mwingine. Kisha akaingia ndani kupika. Mimi nilikuwa mtoto, nikadhani kwamba kwa kuwa hakusema neno, hana neno.

Sasa nikueleze jinsi baba alivyokuwa akiliwasha, kwa maana hapo ndipo nilipopotelea. Mbele ya usukani kulikuwa na kifundo cha kuvuta. Ukikivuta nusu, umeme ulikwenda kwenye plagi na kuzipasha moto. Ukikivuta chote, injini ilizungushwa na kuwaka. Pembeni mwa kifundo kulikuwa na tundu dogo la duara kama jicho la kuku, na ndani yake waya uliojikunja. Plagi zilipopata moto, na waya huo nao uliiva ukawa mwekundu, ili dereva ajue kwamba huko ndani kumekuwa tayari. Mzungu alikuwa akipima muda kwa saa ya mkononi. Baba hakuwa na saa. Lakini alikuwa na majigambo ya ng'ombe, yale ambayo mwanamume wa kwetu huyatoa akisimama mbele ya wenzake, na alikuwa amegundua kwamba akiwasifu wale aliowatoa, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, jicho huiva anapomaliza.

Basi kila alfajiri ukungu ukiwa bado umelala bondeni, mama akikamua, baba aliketi garini, akavuta kifundo nusu, akaanza: Mayenje, aliyevuka mto madume yakisita. Kyasha wa nyota pajini, aliyemkimbiza fisi hadi kwenye miiba. Gaju, aliyezaa mapacha mwaka wa ukame wala hakukauka. Akaendelea hivyo, jicho likaiva, akavuta kifundo chote, na gari likaamka kwa kishindo na moshi mweusi.

Mimi niliona ng'ombe wakiitwa kwa majina na kuja. Niliona baba akilitajia gari majina ya waliolinunua, nalo likiamka. Kwa akili ya mtoto hapakuwa na haja ya kuuliza zaidi. Gari, nikajiambia, huamshwa kwa sifa, kama mtu anavyoamshwa kwa jina lake. Na kwa kuwa nilikuwa na masikio, niliona pia kwamba baba aliwataja watano. Bihogo hakutajwa hata siku moja.

Mama naye alikuwa na masikio. Alikuwa akikamua hatua chache tu kutoka pale, na kila alfajiri alisikia mumewe akiwasifu wengine wote, kisha, mahali ambapo jina la Bihogo lingepaswa kuwa, akisikia injini. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba kutolewa kwa ng'ombe angeweza kuvumilia, kwa sababu watu hukosa. Alichoshindwa ni kumsikia mwizi akiimba kila siku mbele ya mlango wake na kumruka aliyemwiba.

Asubuhi moja alikiosha ekyanzi, kile chombo cha mti alichokuwa akikamulia maziwa ya Bihogo, akakifukiza kwa moshi wa nyasi kama ilivyo desturi, akakifunika juu ya uchaga, mdomo chini. Akambeba mdogo wangu mgongoni. Aliniambia kwamba anakwenda kuwasalimu wazazi wake, nami nihakikishe moto wa zizi hauzimiki. Nilikuwa na umri wa kupika ugali wa mtama na wa kubeba maji, kwa hiyo niliachwa. Nilimwamini. Ni baba mdogo aliyenitoa gizani, si kwa ubaya bali kwa ulimi wake ule. Alisema mwanamke anayekwenda kusalimu hafuniki chombo chake mdomo chini.

Baba alituma mjumbe Kimuli, mzee wa heshima. Mzee alirudi na jibu la babu yangu mzaa mama, nami nililisikia nikiwa nyuma ya ukuta wa nyasi. Mkwe aje mwenyewe, jibu lilisema, asitume mdomo wa mtu. Aje siku iliyotajwa, afike ng'ombe wakiwa bado zizini, kwa kuwa mambo ya ng'ombe husemwa mbele ya ng'ombe. Na aje na hicho kilichomla Bihogo, wazee wakione. Ng'ombe wakitoka kwenda malishoni kabla hajafika, watajua kwamba hakuja, na mahari yake itarudishwa. Mahari ikirudishwa, mjukuu wangu, ndoa imekwisha. Mdogo wangu angelelewa Kimuli hadi atakapokua na kuchukuliwa na baba, nami ningebaki Kiruruma, na mama angekuwa mwanamke ninayemsalimu kwenye misiba.

Kutoka kwetu hadi Kimuli kwa miguu ni safari ya kulala njiani. Kwa gari, ukiondoka kabla ya mapambazuko na barabara ikikuhurumia, unawakuta ng'ombe zizini. Baba alikuwa amepanga hivyo. Lakini asubuhi ya siku iliyotangulia, alipokwenda kulijaribu gari, alivuta kifundo nusu, akawasifu ng'ombe wake, akafika mwisho, na jicho lilikuwa jeusi. Akarudia. Jeusi. Akavuta kifundo chote. Injini ikazunguka kwa uchovu, ikakohoa moshi mweupe, ikakataa. Akashuka, akaweka mikono kiunoni.

Baba mdogo alikuja akijikuna, akaliangalia gari kama mtu anayemwangalia ng'ombe aliyeanguka.

"Kaka," akasema, "angekuwa ng'ombe ungemtoa damu shingoni. Huyu utamchoma wapi?"

"Nenda ukatafute kazi," baba akamjibu.

"Kazi yangu ni hii, kukutazama."

Baba hakuwa mtu wa kupaparika. Aliujua ugonjwa. Plagi zilikuwa nne, na zilifungwa kwa mfululizo, umeme ukiingia ya kwanza ndipo upite kwenda ya pili, na ya pili hadi ya tatu, kama watu wanaopokezana ndoo ya maji. Mmoja akiiangusha, wa mbele yake wote hawapati kitu. Kwa hiyo plagi moja iliyokatika ilizizimisha zote, na kwa kuzitazama kwa nje huwezi kuijua iliyokufa. Katika kisanduku cha bati ambacho mzungu alimwachia mlikuwa na plagi moja ya akiba, moja tu. Ilimbidi aipate iliyokufa na kuiacha mizima ilipo, kwa maana kung'oa plagi ambayo masizi yameishika ni hatari. Ikikatikia ndani, injini hiyo itafunguliwa Bukoba au haitafunguliwa kabisa.

Alichukua kipande cha waya wa shaba, akakipinda kama upinde. Akaniita, akaniketisha kwenye kiti chake, mahali ambapo sikuwahi kuruhusiwa hata kugusa. Akanieleza kwamba ataziruka plagi moja baada ya nyingine kwa waya huo, ncha moja upande huu na ncha nyingine upande ule, ili umeme upite juu ya moja bila kuigusa. Atakapoiruka ile iliyokufa, njia itakuwa imeunganika na jicho litaiva. Lakini jicho haliivi papo hapo. Mimi nivute kifundo nusu, nisubiri muda wake, kisha nimwambie ninachokiona.

"Muda wake nitaujuaje, baba?"

"Sema ng'ombe. Si umewasikia kila siku? Ukifika mwisho, angalia."

Nikavuta. Kifundo kilikuwa cha baridi na kigumu. Nikasema Mayenje, nikasema Kyasha, nikasema Gaju na wenzao, kwa sauti ile ile ya baba, nikaangalia. Jicho jeusi. Nikamwambia. Akahamisha waya kwenye ya pili. Nikavuta, nikawasema tena, na jicho likabaki jeusi. Baba mdogo alikuwa ameegemea ua akitafuna bua la mtama, akisema kwamba hajawahi kuona majigambo ya wanaume yakitoka kwenye kinywa kidogo namna hii na kuwafikia ng'ombe waliokwisha kuliwa.

Baba alipoinamia ya tatu, mimi nilikuwa nimekwisha kulitatua jambo lote kichwani mwangu. Gari lilikuwa limekataa kwa sababu limechoka kudanganywa. Limekula sita, linatajiwa watano. Nani angeamka? Nikavuta kifundo, nikawasema watano, na bila kupumzika nikaongeza maneno ambayo mama alikuwa akiyasema chini chini alipokuwa akimkamua: Bihogo, mwekundu kama buni iliyoiva, aliyetoka Kimuli akimfuata bibi harusi bila kamba.

Jicho likaiva. Lilianza kwa wekundu wa mbali, kisha likawa kaa kamili.

"Limewaka," nikasema.

Nilimwona baba kwa ufa ulioachwa na boneti, ameshika waya wake, ameinama, hatikisiki. Baba mdogo naye aliacha kutafuna. Baba akasema, bila kuinua kichwa:

"Rudia ulichosema mwishoni."

Nikarudia.

"Nani alikufundisha?"

"Mama, akimkamua. Wewe umemsahau, baba, ndiyo maana limekataa."

Nilidhani atanipiga. Baba mdogo alidhani hivyo pia, kwa kuwa alisogea. Lakini baba aliniambia tu niachie kifundo nisije nikaunguza zilizobaki, akaanza kuishughulikia ile ya tatu.

Nilishuka, nikasimama karibu. Alidondoshea mafuta ya taa pale plagi ilipoingilia chumani, akangoja, akadondoshea tena. Kisha akatia spana. Hakuivuta kwa nguvu. Aliipeleka mbele kidogo, akairudisha nyuma kidogo, akasikiliza, kwa mkono ule ule aliokuwa akiutumia ng'ombe anapozaa kwa shida na ndama amekuja vibaya: hulazimishi, unafuata anapokubali. Kila ilipolia kwa ukavu alisimama na kuinywesha. Jua lilikuwa limepanda juu ya migomba ya jirani ilipolegea. Ikatoka, na harufu ile ikatoka nayo. Ncha yake, iliyopaswa kuwa pete ya waya mnene, ilikuwa imekatika na kujikunja kama jani lililobabuliwa motoni.

Baba aliigeuza kwenye kiganja chake. Alisema, na sijui kama alikuwa akisema nami au na mdogo wake:

"Hii imekufa kwa kushikiliwa mno. Nikifika mahali pake nanyamaza, na mkono unabaki umevuta."

Mimi mtoto niliyasikia maneno hayo kama uthibitisho. Hata baba, nikajiambia, anakubali kwamba ni Bihogo. Sikuelewa, na sikuelewa kwa miaka mingi, kwamba alikuwa akisema jambo la chuma na jambo la moyo wake kwa pumzi moja. Aliyekuwa akiwasifu ng'ombe watano kwa muda unaotosha, tangu mama aondoke alikuwa akifika mwisho na kukaa kimya, akiliangalia zizi, kidole kikiwa bado kwenye kifundo, na umeme ukiendelea kupita mpaka ukaila plagi. Chuma hakina masikio. Lakini nenda umwambie hivyo mtoto aliyeliona jicho likiiva kwa jina la ng'ombe wa mama yake.

Aliisafisha njia ya skrubu kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, akaitia plagi ya akiba kwa vidole kwanza, hadi ilipokataa vidole, ndipo akaimalizia kwa spana, mzunguko mdogo, basi. Akafunga waya, nati moja baada ya nyingine. Akapanda, akavuta kifundo nusu. Tulimsikia akiwasema watano. Kisha kukawa na kimya kifupi, na gari likaamka. Bihogo hakumtaja. Nilikasirika kiasi kwamba sikumpelekea maji ya kunawa.

Kesho yake tuliondoka nyota zikiwa bado juu. Alinichukua kwa sababu, alisema, mtoto ndiye shahidi wa ndoa. Pale Rubwera ambapo leo kuna ofisi za wilaya na vijana wa bodaboda, palikuwa na nyasi zinazofika dirishani na pundamilia waliotutazama bila kukimbia. Gari lilipanda vilima likilalamika, na kila lilipolalamika nilimtazama baba mikono yake, ambayo masizi ya jana yalikuwa bado yamejaa kwenye mistari ya viganja na chini ya kucha.

Tulifika Kimuli moshi wa zizi ukiwa bado unapanda wima, na ng'ombe ndani, wakilia kwa kutaka kutoka. Babu yangu alikuwa ameketi kwenye kigoda, wazee wa ukoo wake pande mbili. Sikumwona mama. Baba alizima gari, akashuka, akaketi chini kwenye nyasi zenye umande, yeye aliyekuwa amevaa suruali yake ya kazi ya machimboni. Akawaamkia. Wakaitikia. Nami nikapiga magoti nikasema shikamoo, na bibi mzaa mama akanivuta kwake.

"Mkwe," babu akasema, "umekuja na nani?"

"Nimekuja na mtoto, na hiki."

"Hiki kina jina?"

"Hakina."

"Kimekula sita, bado hakina jina," mmoja wa wazee akasema, na wengine wakacheka puani. Babu hakucheka. Alimwambia baba awataje aliowatoa, hapo hapo, mbele ya ng'ombe.

Baba akasimama, kama inavyotakiwa. Akamtaja Mayenje, akamtaja Kyasha, akamtaja Gaju na wengine wawili, kwa sauti nzuri, kwa maana alikuwa na sauti. Akafika mahali pale. Akanyamaza. Nilitaka kumkumbusha, midomo yangu ilikuwa imekwisha kufunguka, na bibi akanifinya mkono kwa nguvu hadi nikaifunga. Kimya kilikuwa kirefu. Hapakuwa na injini ya kukifunika.

"Bihogo," baba akasema, "mwekundu kama buni iliyoiva, aliyetoka Kimuli akimfuata bibi harusi bila kamba." Yalikuwa maneno ya mama, neno kwa neno. Kisha akaongeza yake. "Hakuwa wangu. Sikumwomba mwenyewe. Nilimtoa wakati mke wangu yuko kisimani, na tangu siku hiyo nimeogopa kumtaja."

Sauti ya mama ilitoka mlangoni mwa nyumba. Sikuwa nimejua kwamba alikuwa amesimama pale muda wote.

"Kaliwa?"

"Kaliwa."

"Ngozi yake iko wapi?"

"Sijui, Kemirembe."

Zizini ng'ombe wakalia. Lilikuwa ni jambo dogo, ngozi, lakini alikuwa ameishi muda wote huo bila mtu yeyote kumwambia kama mnyama wake yu hai au amekufa. Babu akasema kwamba mkwe atatoa mtamba badala ya Bihogo, na pombe ya wazee, na jambo litakuwa limesikika. Mama akasema mtamba atamchagua mwenyewe, zizini Kiruruma, na atakayemchagua hataulizwa sababu. Baba akakubali. Ndipo mama akalitazama gari kwa mara ya kwanza.

"Kwenye hicho siingii," akasema. "Niliolewa kwa miguu, nitarudi kwa miguu."

Hivyo ndivyo tulivyorudi. Mama mbele, mdogo wangu mgongoni, mimi nyuma yake. Baba aliendesha hadi kilimani, akasimama, akatungoja. Tulipomfikia, mama alipita bila kugeuza shingo, naye akangoja tufike mbali, akatupita tena taratibu, akaenda kutungoja kwenye kilima cha mbele. Tulilala njiani kwa shangazi yake mama. Baba alilala garini. Siku ya pili, karibu na kwetu, mvua ilitunyeshea tukalowa hadi mifupani. Baba alishuka, akaliacha gari katikati ya barabara, akamchukua mdogo wangu kutoka mgongoni mwa mama, akamfunika kwa koti lake, akatembea nasi kwenye matope. Gari alilirudia jioni.

Mama alimchagua mtamba aliyekuwa bora kuliko wote, ambaye baba alikuwa amemtegemea. Baba hakuguna. Gari lilidumu miaka kadhaa, likapeleka samli, likarudisha chumvi, halikununua ng'ombe wengi kama alivyotarajia, na mwishowe liliuzwa kwa fundi wa Bukoba aliyetaka vyuma vyake. Mama hakulipanda hata mara moja, hata alipougua. Lakini kila alfajiri ya miaka hiyo baba aliwataja wote sita, na mimi, nikikoka moto wa zizi, niliendelea kuamini kwamba wa sita ndiye aliyekuwa akiliamsha. Nilikuja kuona siku moja, nikiwa tayari nimeolewa, dereva wa lori la kahawa akiwasha injini huku akimtukana utingo wake, nalo likawaka vilevile. Nilisimama pale nikiwa na kikapu kichwani, nikajiona mjinga, na nikaumia kidogo kama mtu aliyeibiwa.

Sasa sikiliza unachopaswa kuhifadhi. Plagi zako ulizong'oa zitupe. Sitaki vyuma uani kwangu. Majina ya wale ng'ombe yaandike yote sita, pamoja na yale mawili nitakayokutajia tukimaliza, na ujifunze kuyasema bila karatasi. Wale wekundu watatu walioko kwa mjomba wako, anayewatunza tu, ni uzao wa mtamba ambaye mama yangu alimchagua. Walikuja kwangu, na kutoka kwangu walikwenda kwa mama yako siku alipoolewa. Si wa baba yako na si wako. Nimesikia kwamba unatafuta gari kubwa zaidi. Litafute. Ukiona huna njia ila kumtoa mmoja wao, nenda kwa mama yako, uketi chini, umwombe. Akikataa, inuka, mshukuru, ukafunge zizi.